Karakana ya Mapendo

Guillaume, abati wa Saint-Thierry karibu na mji wa Reims, alikuwa na ugomvi na mtu aliyekufa zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Marehemu huyo alikuwa Ovidius, mshairi wa Roma aliyetunga shairi refu la kuwafunza vijana namna ya kumnasa mpenzi na namna ya kumshika asiponyoke. Katika karne ya 12 shairi hilo lilisomwa sana katika shule za Kilatini za Ufaransa. Walimu walisema ni kwa ajili ya sarufi. Wanafunzi walikuwa na sababu zao. Guillaume alilichukia. Hata hivyo, alipokaa kuandika kitabu chake juu ya asili na heshima ya upendo, mwanzoni mwa miaka ya 1120, hakukana kwamba kupenda kunafundishika. Alimkubalia hasimu wake jambo hilo la msingi: kupenda ni ufundi. Akaongeza kwamba ni ufundi ulio juu ya kila ufundi, kwamba walimu wake ni maumbile na Mungu aliyeyaumba, na kwamba Ovidius aliuharibu vibaya hata akalazimika baadaye kutunga shairi jingine la kuwatibu watu maradhi aliyowaambukiza.

Namsifu Guillaume kwa kulitamka hilo waziwazi, kwa sababu mahubiri mengi tunayoyasikia siku hizi yamekufanya kumpenda Mungu kuwe suala la kuguswa. Umeguswa au hujaguswa. Machozi yametoka au yamegoma. Yule ambaye moyo wake umekauka tangu Kwaresima anarudi nyumbani akijiona amepungukiwa na imani. Watawa wa karne ya 12 nao walilia, tena sana, na waliandika juu ya machozi kurasa nyingi kuliko sisi, lakini machozi hayakuwa kipimo chao. Seremala hapimi meza kwa furaha aliyokuwa nayo alipokuwa akipiga randa. Anaitazama miguu kama imekaa sawa. Wao nao walitaka kuona kilichotengenezwa.

Wazo lenyewe walilirithi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, ina sura ya 4 iliyo orodha tupu ya vifaa vya kazi njema, zaidi ya sabini. Cha kwanza ni kumpenda Mungu kwa moyo wote. Baada ya hapo vinamwagika bila kupangwa kwa ukubwa: kutoua, kutoiba, kumvika aliye uchi, kuzika wafu, kutokuwa mlafi, kutokuwa mtu wa usingizi mwingi, kutonung'unika, kupatana na uliyegombana naye kabla jua halijazama. Cha mwisho ni kutokata tamaa kamwe juu ya huruma ya Mungu. Mwishoni Benedikto anataja karakana ambamo vifaa hivyo vinatumika: ni monasteri yenyewe, na kudumu ndani ya jumuiya moja bila kuhamahama. Msomaji wa kusini mwa Tanzania aliyewahi kufika Peramiho au Ndanda, kwa Wabenediktini wanaoishi kwa kanuni hiyohiyo, hatashangaa. Ameona huko kanisa na karakana vikipakana, na mtawa akitoka kwenye zaburi kwenda kwenye mashine ya kuchapia vitabu. Mimi napenda kwamba katika orodha ile kumpenda Mungu hakukuwekwa kwenye kabati la peke yake. Kumewekwa sanduku moja na kutonung'unika.

Katika mwaka 1098 kundi la watawa lilihama Molesme, likaenda kwenye msitu wenye majimaji uitwao Cîteaux, huko Burgundy, ili kuishika kanuni hiyo bila kuipunguza. Miaka 14 au 15 baadaye akaja kijana wa ukoo wa kiungwana, Bernard, akiwa ameburuta ndugu na marafiki wapatao thelathini. Mwaka 1115 alitumwa kwenda kuanzisha Clairvaux, umri wake miaka 25 hivi. Kuna jambo moja juu ya shirika hili ambalo bila hilo maandishi yao hayaeleweki. Monasteri za zamani zilikuwa zikipokea watoto wadogo waliotolewa na wazazi wao madhabahuni. Cîteaux ilikataa. Iliwataka watu wazima. Jean Leclercq, mtawa Mbenediktini wa Luxembourg aliyetumia maisha yake kuchapisha maandishi ya Bernard, alionyesha uzito wa uamuzi huo: waliokuwa wakimsikiliza Bernard walikuwa wanaume waliowahi kubeba panga, kusikia nyimbo za mapenzi katika kumbi za mabwana, na wengine kuwa na wachumba. Wanaume kama hao hawafundishwi kwa kujifanya kwamba hamu haipo. Mwalimu wao alilazimika kuichukua hamu ileile waliyokuja nayo mlangoni na kuifanyia kazi.

Guillaume na Bernard walikuwa marafiki, na urafiki wao una tukio ambalo ningelipa nauli kwenda kulishuhudia. Wakati fulani katika miaka ya 1120 abati wa Saint-Thierry aliugua, naye Bernard, ambaye tumbo lake liliharibiwa mapema na kufunga kupita kiasi, alikuwa mgonjwa pia. Bernard akamwita aje Clairvaux. Wakalala wote wawili katika nyumba ya wagonjwa, na kutwa nzima wakawa wanazungumza juu ya Wimbo Ulio Bora. Bernard alieleza, Guillaume akauliza, na kila siku akaandika aliyoyasikia ili yasimpotee. Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu kupita kiasi. Lakini Guillaume mwenyewe, alipoandika maisha ya rafiki yake, alisimulia kilichofuata. Bernard alikuwa amemwamuru ale nyama ili apate nguvu. Jumapili ya kuanza kujiandaa kwa Kwaresima ilipokaribia, Guillaume akaona haya kuendelea na nyama, akakataa. Bernard akamkataza kukataa. Hawakuelewana, jioni hiyo waliachana kimya. Usiku ugonjwa ukamrudia kwa kishindo hata akadhani hatafika asubuhi. Kulipokucha Bernard akaja akitabasamu, bila zile huruma zake za kila siku, akamuuliza leo atakula nini. Guillaume akajibu kwamba atakula chochote atakachoamriwa. Akala, akapona.

Mabingwa wawili wa upendo wa Mungu wamegombana juu ya kitoweo, na mmoja wao amejifunza kwamba kufunga kwake kulikuwa ukaidi. Ufundi hufundishwa hivyo, kwa kukosolewa katika jambo dogo lililo mbele yako.

Kitabu kifupi cha Bernard juu ya kumpenda Mungu kilizaliwa na swali. Haimeric, kardinali na mkuu wa ofisi ya nyaraka za Papa, alimwandikia akiuliza, pamoja na mengine, kwa nini Mungu apendwe na kwa kiasi gani. Bernard akamjibu hilo moja. Sehemu ya mwisho ya kitabu hakuitunga upya. Aliikata kutoka katika barua yake ya zamani kwa Wakartusi, watawa wa milimani waishio kila mmoja katika chumba chake, akaishonea hapo. Jibu lenyewe lina madaraja manne, na kila ninapolirudia nashangazwa na mahali linapoanzia. Daraja la kwanza ni mtu kujipenda mwenyewe kwa ajili yake mwenyewe. Bernard halilaani. Anasema ndivyo tulivyo, sisi watu wa nyama, na kazi lazima ianze na kilichopo. Shida inapombana mtu huyo, anagundua kwamba hajitoshelezi, anaanza kumpenda Mungu kwa sababu anamhitaji. Hilo ni la pili. Akimwendea mara nyingi kwa haja zake, pole pole anaonja utamu wa yule anayemwendea, mpaka anampenda kwa ajili ya Mungu mwenyewe. Hilo la tatu, anasema Bernard, watu hukaa ndani yake muda mrefu.

Msomaji angetarajia kileleni mtu ajisahau kabisa. Bernard anafanya kinyume. Daraja la nne ni mtu kujipenda mwenyewe, lakini sasa kwa ajili ya Mungu tu. Yule aliyeanza kwa kujipenda anarudishiwa nafsi yake, ikiwa imepita mikononi mwa mwingine. Ili kueleza hali hiyo Bernard anataja tone la maji ndani ya divai, chuma kilichoiva motoni, na hewa iliyojaa mwanga wa jua. Halafu anakuwa mkweli: hajui kama kuna mtu anayelifikia daraja hilo kikamilifu katika maisha haya. Huenda likaonjwa kwa nukta moja, kisha mwili unadai chakula, ndugu wanabisha hodi na shida zao, na mtu anashuka. Walimu wengi wa kiroho wa zamani na wa sasa wangetia chumvi hapo. Yeye alikuwa na monasteri ya kuendesha.

Mwaka 1135 alianza kuwahubiria watawa wake juu ya Wimbo Ulio Bora, kitabu cha Biblia chenye sura nane fupi tu. Aliendelea kwa vipindi kwa miaka 18, hadi kifo chake mwaka 1153, akaacha mahubiri 86. Alikuwa amefika mwanzoni mwa sura ya 3. Kwenye busu la aya ya kwanza peke yake alikaa siku baada ya siku. Kabla ya busu la kinywa, aliwaambia, kuna busu la miguu, ambako mwenye dhambi anaanguka na kulia. Kisha busu la mkono, ule unaomwinua na kumshikilia asianguke tena. Anayerukia kinywani bila kupita miguuni hana adabu. Wasikilizaji wake, waliotoka katika nyumba za mabwana, walijua vizuri nani anambusu nani wapi na kwa ruhusa gani.

Mwendo huo wa kobe ulikuwa sehemu ya ufundi. Watawa hawakusoma kwa macho peke yake kama tunavyosoma gazeti. Midomo ilicheza, sauti ikatoka, sikio likapokea. Jean wa Gorze, mtawa wa karne ya 10, alisimuliwa kwamba zaburi zilimtoka mfululizo kwa mnong'ono kama wa nyuki. Guigo wa Pili, mkuu wa Wakartusi wa Grande Chartreuse katika miaka ya 1170, alimwandikia rafiki yake Gervase barua akiupanga usomaji huo kama ngazi ya vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali, kutazama. Kusoma hutia chakula kinywani, kutafakari hukitafuna, kusali hupata ladha, na kutazama ni utamu wenyewe. Mfano wake ni ile heri moja ya wenye moyo safi. Anaishika, anaigeuza, anauliza kwa nini imesema moyo na si mwili, kwa nini safi, na thawabu yake ina maana gani. Sentensi moja inamtosha. Mwanafunzi wa leo anayemaliza sura tano kwa siku angemwona Guigo mvivu.

Na kabla ya kusoma lazima mtu fulani awe ameandika. Guigo wa Kwanza, aliyewaongoza Wakartusi hao kuanzia 1109 hadi 1136 na aliyeandikiana na Bernard juu ya upendo, aliwaachia watawa wake kitabu cha desturi. Humo ameorodhesha kila kitu anachopewa mtawa katika chumba chake cha upweke. Tunakuta blanketi, sufuria, sindano. Tunakuta pia vifaa vya mwandishi: kalamu za unyoya, chaki, mawe mawili mepesi ya kusugulia ngozi, pembe mbili za wino, kisu kidogo, nyembe za kukwangulia, msharasi, timazi, rula, kibao cha kupigia mistari, vibao vya kuandikia na kijiti chake. Kisha anaeleza sababu. Wakartusi hawatoki kwenda kuhubiri. Basi, kwa kuwa midomo imefungwa, neno la Mungu watalihubiri kwa mikono. Kila kitabu wanachokinakili ni mhubiri anayetumwa badala yao. Wakikipokea kitabu wakilinde na moshi, vumbi na uchafu.

Kazi hiyo haikuwa ya mtu mwenye haraka. Ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi ililowekwa katika maji ya chokaa mpaka manyoya yakaachia, ikatandazwa juu ya fremu na kuvutwa kwa kamba, ikakwanguliwa ingali imekaza. Hata ikikamilika ina pande mbili zisizofanana: upande wa manyoya una rangi ya manjano kidogo, upande wa nyama ni mweupe zaidi, na mwandishi mzuri alizipanga ngozi ili kurasa zinazotazamana zilingane. Kwa msharasi alitoboa vitundu pembeni, juu hadi chini, akavitumia kupiga mistari. Wino ulipikwa kwa vivimbe vinavyoota kwenye miti ya mialoni, pamoja na chumvi ya chuma. Mkono wa kulia ulishika unyoya wa bata bukini. Wa kushoto ulishika kisu, cha kuikandamiza ngozi isiinuke, kuchonga ncha ya kalamu iliyochoka, na kukwangua herufi iliyokosewa. Kosa halikufutwa kwa kidole kimoja. Lilikwanguliwa, ngozi ikasuguliwa tena kwa jiwe, herufi ikaandikwa upya mahali palepale, na ukiinua ukurasa kwenye mwanga unaona palipokonda.

Huko Cîteaux, Stephen Harding, Mwingereza aliyekuwa abati Bernard alipojiunga, alipoona nakala za Biblia za Kilatini zinatofautiana, alikwenda kuwauliza Wayahudi wataalamu wa maandiko yao. Walimweleza kilichomo katika Kiebrania na Kiaramu, na aya ambazo hazikuwamo akazikwangua. Biblia hiyo bado iko Dijon, na nafasi zilizokwanguliwa zinaonekana. Mimi nauhesabu wembe ule kuwa tendo la kumpenda Mungu sawa na wimbo wowote ulioimbwa kanisani siku hiyo.

Mwanafunzi wa ufundi huu ninayempenda kuliko wote hana jina. Yumo katika kitabu cha Aelred, mtawa wa Rievaulx huko Yorkshire. Aelred alikulia katika baraza la Mfalme David wa Uskoti, ambako alisimamia mambo ya meza ya mfalme. Bernard alipomtaka aandike kitabu juu ya mapendo, alijitetea kwamba yeye ametoka jikoni, si shuleni. Bernard akamjibu kwa amri: andika. Kikatoka Kioo cha Mapendo, karibu mwaka 1142, wakati Aelred alipokuwa mlezi wa wanovisi. Humo anasimulia mazungumzo yake na novisi mmoja aliyekuja akiwa amefadhaika. Zamani, alipokuwa ulimwenguni, akiishi apendavyo, alikuwa akimwazia Kristo na machozi yakamtiririka kwa utamu. Sasa ameacha yote, anakesha, anafanya kazi ngumu, anakula mboga na maharage, na moyo umekauka. Je, alimpenda Mungu zaidi zamani?

Aelred hamjibu kwa maneno ya kumfariji. Anamuuliza maswali kama mtu anayekagua hesabu. Wakati ule wa machozi, ungekubali kuvumilia kwa ajili ya Kristo haya unayoyavumilia sasa? Novisi anakiri kwamba asingeweza hata siku chache. Na baada ya machozi uliendelea na nini? Aliendelea na vicheko na starehe zake. Ndipo novisi, kwa aibu, anaongeza kwamba hata hadithi za kubuniwa za Mfalme Arthur zilikuwa zikimliza. Aelred amepata alichokitaka. Ikiwa machozi hayo yanaweza kumwagwa kwa ajili ya Arthur, ambaye mliaji hayuko tayari kumpa hata senti moja, basi hayawezi kuwa kipimo cha upendo. Kipimo ni mapenzi ya mtu yamekwenda upande gani na yanabaki huko yanapokosa ladha.

Waliokuwa wakisoma riwaya hadi usiku wa manane wakilia juu ya watu wasiokuwapo watajiona humo. Nami siwezi kusema nimeona jibu bora kwa swali hilo katika vitabu vya karne zilizofuata, ingawa vipo vingi na vinene.

Aelred mwenyewe hakuwa mtu mkavu. Miaka yake ya mwisho, akiwa abati na akiteswa na maumivu ya viungo, watawa ishirini au thelathini kwa mara moja walijaa katika kijumba chake, wakakaa hata juu ya kitanda chake, wakazungumza naye. Walter Daniel, aliyemuuguza, ndiye aliyeacha habari hiyo. Hisia zilikuwapo tele. Hazikupewa tu kiti cha hakimu.

Hata Bernard alijaribiwa hapo. Mwaka 1138 alikufa Gérard, kaka yake, msimamizi wa ghala na shughuli zote za Clairvaux, mtu aliyemwezesha Bernard kukaa na vitabu kwa sababu yeye alikaa na mafundi, mashamba na madeni. Bernard aliongoza mazishi macho makavu. Watawa walilia, yeye alisoma sala zote kwa kinywa chake, akatupa udongo kaburini kwa mkono wake. Kisha akapanda kuendelea na Wimbo Ulio Bora, hubiri la 26, juu ya hema za Kedari. Akaeleza hema, akafika kati, akakatika. Ana nini yeye na wimbo, aliuliza, naye yumo katika uchungu? Sehemu yote iliyobaki ni kilio. Anazungumza na Gérard, anamlaumu kwa kuondoka, anajitetea kwa wanaodhani mtawa hapaswi kulia, anakumbuka kazi zake moja moja.

Wachambuzi wamegundua kwamba hubiri hilo limetengenezwa kwa ustadi mkubwa, na kwamba Bernard aliijua hotuba ya Mtakatifu Ambrosio juu ya kifo cha ndugu yake Satirus. Wengine wakahitimisha kwamba basi kilio kilikuwa cha kuigiza. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Bernard alikuwa ametumia miaka ishirini na ushee kuifanya lugha kuwa mkono wake. Msiba ulipompata alilia kwa mkono huo, maana hakuwa na mwingine.

Nisiwafanye watu hawa malaika. Guillaume, baada ya kuacha uabati na kuwa mtawa wa kawaida huko Signy, ndiye aliyemchochea Bernard dhidi ya Abelard, na Bernard akamsaka mwanachuoni huyo hadi katika Baraza la Sens kwa ukali ambao hakuna daraja lolote kati ya yale manne linaloueleza. Pasaka ya mwaka 1146, huko Vézelay, mhubiri wa Wimbo Ulio Bora alihubiri vita vya msalaba, na maelfu wakaenda kufa katika safari iliyoporomoka mbele ya Damasko miaka miwili baadaye. Mtawa mmoja aitwaye Radulf alipoanza kuwachochea watu wa bonde la Rhine wawaue Wayahudi, Bernard alisafiri hadi huko kumnyamazisha, na Ephraim wa Bonn, mwandishi Myahudi, alimshukuru kwa maandishi. Hilo nalo ni kweli. Lakini moto aliuwasha yeye.

Na wakati ulipofika wa wanawake kuandika juu ya ufundi huu kwa lugha zao wenyewe, karakana haikuwa wazi kwa wote. Marguerite Porete aliandika kwa Kifaransa kitabu juu ya nafsi iliyoyeyuka katika upendo, akakataa kukikana, akachomwa moto hadharani mjini Paris tarehe 1 Juni 1310. Kitabu kiliamriwa kiteketezwe. Kiliokoka kwa sababu mikono ya wanakili, ndani ya monasteri, iliendelea kukiandika bila jina la mwandishi, na kikasomwa hivyo kwa karne nyingi hadi Romana Guarnieri, mtafiti wa Italia, alipomtambua mwandishi huyo mwaka 1946.

Uzao wa Cîteaux ulifika hata kwetu. Watrapisti kutoka Koningshoeven, Uholanzi, walijenga monasteri karibu na Kipkelion nchini Kenya, mwaka 1956. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliwang'oa, wakahamia Uganda. Aliyeahidi kudumu mahali pamoja alibeba vifaa vyake akaanza tena kwingine.

Bernard alipokufa, Wimbo Ulio Bora ulikuwa umebaki na sura tano na zaidi. Katika jumuiya ya watu wanaotunza heshima ya mkubwa, kazi kama hiyo ingeachwa ilivyo na kuwekewa uzio. Wao waliiona kama kazi iliyo mezani. Gilbert wa Hoyland, abati wa Swineshead huko Uingereza, aliichukua pale pale kalamu ya Bernard ilipoishia, akahubiri hadi sura ya 5, akafariki mwaka 1172. Akaipokea John, abati wa Ford, kusini-magharibi mwa Uingereza. Hakujaribu kuiga sauti ya Bernard, jambo ambalo lingemwangusha. Aliandika kwa mwendo wake mwenyewe, mzito kidogo, wenye subira nyingi. Alihitaji mahubiri 120 kufika aya ya mwisho ya sura ya 8. Alifariki mwaka 1214. Mahubiri ya Bernard yalikuwa yamekwisha kuenea Ulaya nzima kwa mamia ya nakala; ya John yametufikia kamili katika hati moja tu, iliyoko Oxford, na yalichapwa mara ya kwanza mwaka 1970.